Ubongo Usio wa Mtu

Watu wawili wakikaa juu ya benchi moja, mtoto mdogo huweza kuwapambanua kwa pua, kwa paji la uso na kwa namna ya kutazama kwao. Yaliyomo ndani ya mafuvu yao hutofautiana vile vile, ila macho hayafiki huko. Matuta na mifereji iliyoukunja uso wa ubongo haikai mahali pamoja kwa watu wote. Kwa mmoja mfereji fulani ni mrefu wa moja kwa moja. Kwa mwingine umekatika vipande viwili. Kwa wa tatu umeongezewa wa pili unaokwenda sambamba nao. Hata sehemu inayopokea habari za macho, ambayo mtu angedhani imegawiwa wote kwa pishi moja, kwa mtu mmoja huweza kuwa na eneo mara mbili ya ile ya mwenzake.

Tofauti hizi zilileta mashaka katika elimu ya ubongo. Mtaalamu anataka kujua ni mahali gani katika ubongo wa binadamu panapofanya kazi mtu asikiapo maneno. Huwalaza watu 20, mmoja baada ya mmoja, ndani ya mashine kubwa ya sumaku, huwasikilizisha maneno, na huchukua picha. Sasa anazo picha za bongo 20, kila mmoja kwa kimo chake na mkao wake. Akizipandanisha kama zilivyo, tuta la huyu litaangukia mfereji wa yule, na jibu litapotea. Basi hana budi kuzilinganisha kwanza. Huzisogeza, huzigeuza, huzikuza au kuzipunguza, huziinamisha. Kazi yote hiyo hutimizwa kwa namba 12, tatu kwa kila tendo. Kama hizo hazikutosha, huzivuta hapa na kuzibana pale, nukta kwa nukta, mpaka kila ubongo ulale juu ya ubongo mmoja wa mfano ulio katika atlasi. Baada ya hapo kila mahali pana jina la tarakimu tatu. Mtafiti wa Tokyo na mtafiti wa Nairobi wakitaja tarakimu zile zile, wanazungumza habari ya mahali pamoja.

Neno atlasi katika Kiswahili lina maana mbili. Ni kitabu cha ramani. Na tangu zamani ni jina la kitambaa laini kinachong'aa. Naona maana hii ya pili yatufaa hapa kuliko ile ya kwanza, maana yanayotendwa na picha za bongo ni mambo ya fundi wa nguo: hunyoshwa, hubanwa, na kila ziada huingizwa ndani ya mshono isionekane. Swali langu ni juu ya hiyo ziada. Mtu anapopindwa ili alingane na mfano, je, amedhulumiwa? Na kama hakudhulumiwa, ana deni gani juu yetu sisi tuliompinda?

Tuanze na mfano wenyewe. Atlasi iliyotumiwa kwa muda mrefu kuliko nyingine ilitoka Ufaransa. Jean Talairach, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, alitafuta njia ya kufikia sehemu za ndani za ubongo wa mgonjwa aliye hai, hasa mwenye kifafa, bila ya kuufungua ubongo wote. Alichagua alama mbili ndogo karibu na kitovu cha ubongo, nyugwe mbili za nyuzi zinazounganisha nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Akapitisha mstari kati yake, na ugwe wa mbele akaufanya sifuri ya hesabu yote. Mwaka 1988 yeye na mwenzake Pierre Tournoux walichapisha atlasi yao maarufu, na ubongo uliochorwa ndani yake ulikuwa wa bibi mmoja aliyefariki akiwa na umri wa miaka 60.

Kwa kazi ya mpasuaji chombo hiki kilikuwa chema. Karibu na ule mstari wa katikati, bongo za watu hutofautiana kwa milimita chache tu. Walakini kadiri mtu anavyotoka kitovuni kwenda kwenye gamba la nje, ndivyo tofauti inavyozidi, hata mfereji wa mtu mmoja huweza kuwa mbali na wa mwingine kwa sentimita nzima au zaidi. Na ni huko kwenye gamba ambako wataalamu wa picha waliipeleka atlasi hii, wakitafuta mahali pa kusoma, pa kuhesabu na pa kukumbuka. Tena bibi yule alichorwa nusu moja. Nusu ya pili ilichukuliwa kuwa sura ya ile ya kwanza katika kioo, ingawa yajulikana tangu siku za Paul Broca, katika miaka ya 1860, kwamba nusu mbili za ubongo hazigawani kazi sawa, na kwa watu wengi usemi hukaa kushoto. Yale majimbo yenye namba ambayo Korbinian Brodmann aliyatenga mwaka 1909 kwa kuchungulia chembe katika darubini, yaliandikwa juu ya ubongo wa bibi huyu kwa kukisia kwa macho. Atlasi haimtaji jina. Yatajwa umri wake na ya kuwa alikuwa mwanamke, basi. Hata hivyo hofu za vijana wa vyuo, hesabu za watoto na ndoto za watu wasiomjua zilitafutiwa mahali katika kichwa chake.

Wengi waliona kwamba mtu mmoja hawezi kusimama badala ya wote. Katika miaka ya 1990 Taasisi ya Neva ya Montreal, nchini Kanada, ilizichukua picha za vijana 305, wanaume 239 na wanawake 66, wenye wastani wa umri wa kama miaka 23, ikazipandanisha na kuzigawa, ukapatikana ubongo wa wastani. Ubongo huu haukupata kukaa ndani ya fuvu la mtu yeyote. Ni wa watu 305 na si wa hata mmoja wao. Ukiutazama utaona jambo la kupendeza: katikati ni wazi, na pembeni umefunikwa na ukungu. Pale watu wanapokubaliana picha imetulia. Pale wanapotofautiana imefifia. Mimi nauona ukungu huo kuwa ndio sehemu ya picha yenye uaminifu mkubwa kuliko zote, kwa kuwa hauahidi kitu usichokuwa nacho. Lakini macho ya binadamu hayapendi ukungu. Mwaka 1998 ilitolewa picha ya kijana mmoja aliyepigwa mara 27, na picha zake zote zikaunganishwa kuwa moja safi ajabu, kila tuta na kila mfereji umeonekana. Watu wakaifurahia. Ukungu uliondoka, na pamoja nao ikaondoka habari ya kwamba watu hawafanani.

Haifai kusema kwamba kila mfano wa pamoja ni dhuluma. Sisi wenye Kiswahili tunalijua jambo hili kwa namna yetu. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha kuandikia vitabu, na mwaka 1930 kamati ikaundwa ya kukisimamia. Kilichaguliwa kimoja katika vingi, kama alivyochaguliwa bibi wa Paris. Faida yake ni kubwa: insha hii yaweza kusomwa Lamu na Kigoma. Kosa lilianza pale mwalimu alipochukua kalamu nyekundu na kulikata neno la mtoto kuwa si sahihi, na neno lenyewe lilikuwa Kimvita safi, alilofundishwa na bibi yake. Kipimo kilichowekwa ili watu waelewane kilikuwa kimegeuzwa hukumu juu ya aliyekuwako kabla ya kipimo.

Hukumu ya namna hiyo iliwahi kupitishwa juu ya bongo zenyewe, tena karibu nasi. Mwaka 1934 daktari wa maabara mjini Nairobi, F. W. Vint, alichapisha makala juu ya bongo 100 za Waafrika wa Kenya waliokufa. Alizipima uzito, akaupima unene wa gamba kwa darubini, akaviweka vipimo hivyo kando ya vile vya Wazungu, akahukumu kwamba vya Waafrika vimepungua. Uzito wa ubongo hufuata kimo cha mwili, hupungua kwa umri, na huharibiwa na njaa na maradhi. Mizani pekee haisemi kitu juu ya akili ya mtu. Hata hivyo walikuwako katika koloni madaktari waliovichukua vipimo vya namna hii ili kubisha kama yafaa Mwafrika apewe elimu. Mizani ilikuwa ya kweli na namba huenda zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa katika kuchagua nani awe mfano na nani awe upungufu, na uchaguzi huo ulikwisha kufanywa kabla ubongo wa kwanza haujawekwa mezani.

Nimeisimulia habari ya Nairobi kwa sababu yafaa iwe akilini mwa msomaji anaposikia dawa inayotolewa siku hizi. Kwa kuwa vijana wa Montreal si watu wa dunia nzima, wataalamu wa nchi nyingine wametengeneza atlasi zao. Mwaka 2010 ilitolewa atlasi ya China iliyotokana na vijana wanaume 56. Mwaka 2019 ilitoka ya India, iliyotengenezwa Hyderabad kwa picha za watu 100. Sababu yao ni nzuri. Ubongo unaofanana na mfano hupindwa kidogo, na kosa huwa dogo. Bado nina wasiwasi. Wastani wa Wachina nao si Mchina yeyote. Majirani wawili wa mtaa mmoja aghalabu hutofautiana kuliko wastani wa taifa hili na wa taifa lile. Na atlasi ikishaitwa kwa jina la taifa, haichukui muda mrefu kabla hajatokea mtu wa kuzipanga kwa daraja. Yataka tuzipokee kama fundi apokeavyo kalibu ya ukubwa mwingine, kwa kuwa inamkaa mteja, bila ya kuifanya nasaba.

Lililonishughulisha kuliko hayo yote ni jambo dogo la ufundi. Mtu aliyepatwa na kiharusi ana jeraha ndani ya ubongo. Palipokuwa na nyama pamebaki shimo lenye maji. Programu hulinganisha picha yake na atlasi kwa kutafuta tofauti na kuzipunguza. Haina habari ya kiharusi. Ikilikuta shimo ambalo atlasi haina, hulihesabu kuwa kosa la mkao, na huivuta nyama nzima iliyo kandokando ije kuliziba. Picha itokapo, jeraha limenywea, na sehemu zilizosalimika zimepotoka ili kulificha. Mwaka 2001 Matthew Brett na wenzake walilieleza tatizo hili wakatoa dawa yake: mtaalamu alizungushie jeraha alama kwa mkono wake mwenyewe, na programu iamriwe isihesabu hapo inapotafuta ulinganifu.

Fikiri juu ya kazi hiyo. Programu haikuwa na chuki. Ilitenda sawasawa na ilivyoagizwa, yaani kupunguza tofauti; na tofauti iliyoipunguza ndiyo iliyomleta mgonjwa hospitalini. Ilihitajiwa mtu aje, aitazame picha ya mgonjwa mmoja peke yake, aseme: hapa pana jeraha, msipaguse. Saa aliyoitumia kuchora ile alama haikuongeza idadi ya picha zake wala haikuharakisha makala yake. Ni saa ya kumtambua mtu. Sijui jina bora la kuipa kuliko heshima, ijapokuwa nina hakika wenyewe huiita usafi wa data.

Iko njia nyingine ya kuondoa tofauti, nayo ni kutoialika. Mtu mmoja katika kumi hivi hutumia mkono wa kushoto. Wengi wa hao nao wana usemi upande wa kushoto wa ubongo, lakini wako ambao kwao umekaa kulia au umegawanyika pande zote mbili. Kwa kuogopa kuuchafua wastani, watafiti wengi huandika katika tangazo lao kwamba watakiwa wanaotumia mkono wa kulia. Kwetu mashoto hukemewa wakati wa kula. Katika maabara hakemewi, haitwi tu. Kisha vitabu husema habari za ubongo wa binadamu.

Yupo atakayesema basi na tuache kupinda, kila mtu atazamwe kama alivyo. Sikubaliani naye. Mtu asiyelinganishwa na yeyote hawezi kuambiwa kwamba ana ugonjwa. Mama anayeleta mtoto mwenye kichwa kilichovimba anataka kujua watoto wa umri wake wana vichwa vya kadiri gani, na jibu hutoka kwa watoto wengine waliopimwa kabla yake. Kupinda kwenyewe si dhambi. Linalotakiwa ni hesabu ya kupinda itunzwe.

Na hesabu hiyo ipo. Programu inapoupinda ubongo, huandika kwa kila nukta ilitoka wapi ikaenda wapi, na ilinyoshwa au ilibanwa kwa kiasi gani. Hati hiyo aghalabu yaweza kusomwa kinyumenyume, na nukta ya atlasi ikarudishwa mahali pake katika kichwa cha mwenyewe. Wako wataalamu ambao hati hii ndiyo shabaha yao: wakitaka kujua ni sehemu gani imesinyaa kwa mtu mwenye maradhi ya Alzheimer, hutazama ni wapi programu ililazimika kunyosha zaidi. Kwao kila mtu ameandikwa katika juhudi iliyohitajika ili afanane na wengine. Katika makala nyingi, kwa bahati mbaya, zile tarakimu tatu za atlasi huchapishwa, na hati ya kupinda hubaki katika kompyuta mpaka inapofutwa kutoa nafasi. Hapo ndipo ninapoona dhuluma: umekopa umbo la mtu, umelibadili kwa faida ya wote, na njia ya kulirudisha umeitupa.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walitoa kazi iliyokwenda kinyume cha desturi. Badala ya kuwapiga picha watu wengi kwa dakika chache, waliwapiga watu 10 kwa saa nyingi, siku 12 kwa kila mmoja, wakianza usiku wa manane wakati mashine ina gharama ndogo; ndiyo maana walijiita Klabu ya Usiku wa Manane. Kila mmoja alionekana na mpango wake, wenye mambo yanayorudi siku baada ya siku na yasiyoonekana katika wastani wa wote. Kazi kama hiyo ni ghali, wala haiwezi kufanywa kwa kila mgonjwa wa kila hospitali. Imetuonyesha tu ni kiasi gani kilichokuwa kimeingizwa ndani ya mshono.

Taasisi ile ya Montreal iliyotupa ubongo wa watu 305 ilianzishwa mwaka 1934 na Wilder Penfield, mpasuaji aliyewatibu wenye kifafa. Ni mwaka ule ule wa makala ya Nairobi. Sijengi hoja juu ya hilo. Penfield aliwapasua wagonjwa wakiwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe haupati maumivu uguswapo. Kabla ya kukata alipitisha umeme mdogo juu ya gamba, mahali kwa mahali, na kila palipojibu alipaweka kikaratasi chenye namba. Mgonjwa alisema anayoyasikia: kidole kimecheza, ulimi umekufa ganzi, neno limekataa kuja. Alichora ramani kutokana na wagonjwa wengi, na ramani zake zingali katika vitabu vya shule. Hata hivyo kwa mgonjwa aliyefuata hakukata kwa kutegemea ramani. Alianza upya kuuliza.

Hivyo ndivyo inavyofanywa hata leo pale uvimbe unapokaa karibu na sehemu ya usemi. Chumbani mna kioo cha kompyuta chenye picha ya mgonjwa, na pengine mistari ya atlasi imepitishwa juu yake, ikionyesha mahali ambapo usemi hukaa kwa watu wengi. Mgonjwa huamshwa. Mmoja wa wasaidizi humwonyesha picha ya ndizi, au ya mwavuli, na humwomba aseme ni kitu gani. Mpasuaji hugusa gamba kwa ncha ya umeme, na hungoja.